Gari Lililolia Mlimani

Dereva huyu watu walimwita Taratibu. Jina alipewa na kazi yake. Aliendesha gari la chama cha kuzikana cha mtaa wao, pikapu kuukuu ya petroli, rangi ya majivu, yenye paa la bati nyuma. Abiria wake hawakuwa na haraka, naye hakuwaharakisha. Kwa miaka kumi na miwili hakuna jeneza hata moja lililogonga ubavu wa gari lile.

Kazi yenyewe haikuwa ya kila siku. Wakati mwingine wiki mbili zilipita bila msiba, na watu wakashukuru. Gari lilikaa tu uani kwa Taratibu, likipigwa jua mchana na kuloa umande alfajiri. Kila Jumamosi aliliosha. Alisugua nyuma kwa maji ya sabuni, akafuta vioo, akawasha injini kidogo, akaizima. Mkewe alikuwa mshonaji. Alishona barazani, mguu kwenye cherehani, huku akimtania kwamba gari linaoga kumshinda mwenyewe.

Msiba ukitokea, chama kilimpa dumu moja la petroli. Aliimimina kwenye tangi, akaenda makaburini, akarudi. Tangi halikuwahi kujaa. Hakuna aliyeona sababu ya kulijaza.

Makaburi yalikuwa juu ya mlima. Barabara ilianzia sokoni, ikapanda moja kwa moja hadi kwenye miti mirefu, ikapinda penye ukuta wa mawe, kisha ikatokea juu. Asubuhi ukungu ulishuka kwenye miti hiyo ukakaa mpaka saa nne. Mtu akipita humo peke yake, hata sauti ya viatu vyake aliidhania ya mtu mwingine anayemfuata.

Gari lilizimika mara ya kwanza penye ukuta ule, likiwa limembeba mshona viatu mmoja mzee. Injini ilikohoa mara mbili, ikaishiwa nguvu, ikanyamaza. Taratibu alipiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka. Waombolezaji wakasimama nyuma ya gari, mikono vifuani. Baada ya kama dakika kumi alijaribu tena, ikawaka, wakafika salama. Pale kaburini watu walicheka kidogo. Walisema marehemu hajawahi kumaliza kiatu cha mtu siku aliyoahidi, basi leo kachelewa hata kwake mwenyewe.

Taratibu naye alicheka. Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Injini ilipozimika, alisikia sauti nyuma yake. Ilitoka chini ya jeneza. Ilikuwa nyembamba, ya kuvuta, kama ya mtu anayelia huku amefumba mdomo.

Siku ya pili alilipeleka gari kwa fundi wa barabarani. Fundi yule alibadilisha plagi, akalizungusha gari kwenye lami tambarare, akarudi akasema gari ni zima kabisa. Taratibu alishukuru, lakini moyo haukutulia. Kama gari ni zima, basi nani alikuwa akilia?

Mwezi haujaisha, akafa mwokaji mikate.

Alikuwa bado kijana. Mtaa mzima ulikula mikate yake. Yeye alishughulika na tanuri, mkewe akakanda unga, na mama yake mzazi akauza dirishani. Kifua kilimbana siku tatu tu, akaondoka. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

Asubuhi ya mazishi ukungu ulikuwa mzito. Mjane aliwekwa mbele, karibu na Taratibu. Mama mzazi alikataa kupanda. Alisema atamsindikiza mwanawe kwa miguu yake, kama alivyomfundisha kutembea. Gari likapanda polepole, watu nyuma. Walipofika penye ukuta wa mawe, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya.

Halafu sauti ile ikaanza.

Safari hii waliisikia wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza. Ilitoka chini ya jeneza, nyembamba, haina pumzi. Mama mzazi alisogea akaweka sikio kwenye bati la gari. Alikaa hivyo kwa muda. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni yeye," akasema. "Alipokuwa mtoto, akiugua, alilia hivi hivi."

Watu waliangalia chini. Kisha mwanamke mmoja kwenye kundi akasema mjane ashuke. Hakusema kwa ukali. Mjane akashuka, akasimama kando ya barabara ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Taratibu alizima swichi, na sauti ikakatika papo hapo. Wakangoja. Ukungu ulipita kati yao kama maji. Alipopiga stata tena, injini ikawaka mara moja, kama vile haijawahi kuzimika.

Gari likaondoka, mjane akabaki. Alitembea nyuma ya watu wote, peke yake. Hakuna aliyemshika mkono.

Baada ya kuzika, mama mzazi alimfuata Taratibu. Alimuuliza mbele za watu: gari liligoma wakati gani, na likakubali wakati gani? Yeye ndiye aliyekuwa ndani. Taratibu hakuwa mtu wa uongo.

"Liligoma akiwa ndani, mama," akajibu. "Aliposhuka, likakubali."

Hakuongeza neno wala hakupunguza. Lakini ulimi hauna mfupa, na maneno yale yaliteremka mlimani kabla ya gari. Jioni ilipofika, sokoni walisema marehemu amemkataa mkewe. Na marehemu atamkataa mkewe kwa nini, kama si kwa neno alilomtendea? Ugonjwa wa siku tatu, jamani, ni ugonjwa gani huo? Kesho yake mama mzazi alimwomba mjane aondoke nyumbani. Tanuri likafungwa, likapoa. Watu walianza kununua mikate mtaa wa pili.

Kwa Taratibu nako mambo hayakuwa mazuri. Wateja wa mkewe waliacha kupita uani, wakazunguka kwa mlango wa nyuma. Wenye watoto waliwashika mikono walipopita karibu na pikapu. Jua lilipokuwa kali, bati la gari lilitoa mlio mdogo, tik, na kila aliyekuwa uani aligeuka. Jumamosi moja Taratibu alifungua swichi ili awashe injini. Kabla hajapiga stata, sauti ile ikaanza tena nyuma yake, dhaifu. Hakukuwa na jeneza. Hakukuwa na kitu. Alichomoa ufunguo akaingia ndani. Tangu siku ile aliosha gari upande wa mbele tu, na hakuligeuzia mgongo.

Mkewe ndiye aliyeanza kulifungua fundo hili, ingawa hakujua. Alimkuta mjane analala kwenye stoo ya mwuza magunia, nyuma ya soko, akamchukua akamleta nyumbani. Hakumwomba mumewe ruhusa. Alisema tu kwamba amepata mtu wa kumshonea vifungo. Taratibu alielewa kwamba si habari ya vifungo. Ikawa kila siku anakula meza moja na mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia maisha kwa sentensi mbili.

Siku nne mjane hakusema lolote ila asante na samahani. Siku ya tano, wakiwa wanakula mchana, aliweka kijiko chini.

"Baba, mimi siku ile sikusikia vizuri," akasema. "Sauti ile ilitamka kitu?"

"Haikutamka kitu, mwanangu. Ililia tu."

Mjane alitikisa kichwa polepole. "Siku ya kwanza aliniambia kifua kinambana. Nilimwambia tumalize mikate kwanza, halafu twende hospitali. Labda ndilo analolilia."

Aliyasema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha ikubali hukumu. Utulivu huo ulimtisha Taratibu kuliko sauti ya mlimani. Chakula kilimshinda. Alitoka akasimama uani mbele ya gari, akiangalia lile paa la bati, mpaka mkewe akaja kumfuata.

"Mume wangu, Fundi Pampu amerudi," mkewe akamwambia. "Mwite aje alisikilize."

Fundi Pampu alikuwa jirani yao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono migumu. Alitengeneza pampu za maji na jenereta. Miezi miwili alikuwa mbali, akifanya kazi kwenye visima. Taratibu alipomgongea, habari yote alikwisha ipata. Aliipata kwa watu watatu, na kila mmoja na yake. Katika moja jeneza lilifunguka lenyewe.

Alimsikiliza Taratibu mpaka mwisho bila kumkatiza, huku akiosha nati kwenye beseni. Kisha akauliza maswali mawili.

"Kaka, mlima ule umewahi kuupanda bila maiti?"

Taratibu alifikiri. Kwenda alipanda na jeneza. Kurudi aliteremka gari likiwa tupu. Miaka kumi na miwili. "Sijawahi," akasema.

"Basi hujui kama ni maiti au ni mlima. Na ile sauti, ilikoma lini?"

"Nilipozima swichi."

Fundi Pampu alijifuta mikono. "Maiti hasikilizi swichi," akasema. "Twende."

Kabla ya kugusa chochote aliweka masharti. Gari lilisukumwa hadi katikati ya ua, mahali penye hewa. Injini iliachwa ipoe. Jiko la mkaa la mke wa Taratibu lilizimwa na kutolewa nje ya ua, na simu zikaachwa ndani. Ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Alieleza kwamba petroli yenyewe unaiona, lakini mvuke wake huuoni. Unatambaa chini kama nyoka, unaenda hatua nyingi kuutafuta moto, na ukiupata unarudi nao.

Taratibu alileta mpira mwembamba, akataka kuvuta petroli kwa mdomo kama alivyozoea. Fundi alimnyang'anya. Alimuuliza kama huwa anakohoa asubuhi. Taratibu akakiri kwamba hukohoa. Fundi akamwambia petroli tone moja likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu kitandani au hata kumzika, na dereva wa kumpeleka huko itabidi atafutwe mwingine. Mke wa Taratibu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Halafu Fundi Pampu alianza kazi, na huku akieleza ili Taratibu, mkewe na mjane waelewe.

"Injini inataka vitu vitatu tu," akasema. "Hewa, cheche na mafuta. Gari likizimika, usiulize nani kalizima. Uliza kipi kimekosekana."

Cheche alizipima kwanza, kabla petroli haijafunguliwa mahali popote. Plagi zilikuwa mpya, na cheche zilikuwa za buluu, kali. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi, lakini hewa ilipita. Yakabaki mafuta. Hapo, alisema, unafuata njia ya mafuta kama unavyofuata nyayo za mwizi: kutoka kwenye injini, kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kwenye tangi.

Alichomoa mpira unaoingiza petroli kwenye kabureta, pale inapochanganywa na hewa, akautia ndani ya chupa ya kioo. Alimwomba mjane akae kwenye usukani, na akiambiwa, afungue swichi tu, asipige stata. Taratibu alipewa kazi ya kushika chupa isiyumbe.

"Fungua," fundi akasema.

Petroli ikaruka kwa nguvu ndani ya chupa. Ikaenda vizuri mpaka chupa ikafika nusu. Kisha ikawa nyembamba kama uzi. Kisha matone. Na ile sauti ikaanza.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la saa saba, na bado kila mtu uani aliacha kupumua. Ililia kama ilivyolia kwenye ukungu. Mjane alikaa kwenye usukani amekodoa macho, mkono bado uko kwenye ufunguo. Fundi Pampu hakumwambia azime. Alimwita aje, akamwambia mke wa Taratibu akae mahali pake na aiache swichi kama ilivyo. Kisha akamlaza mjane chini, ubavu wa nyuma wa gari, akamshika mkono na kuupeleka chini ya bodi.

Huko kulikuwa na kitu kidogo cha chuma, mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa. Kilikuwa kinatetemeka.

"Hii ni pampu ya mafuta," fundi akamwambia. "Inafanya kazi moja tu, kuvuta petroli kutoka kwenye tangi na kuisukuma mbele. Ikikosa cha kuvuta inalia. Za visima nazo hulia hivi hivi, kila siku nazisikia. Iko chini ya mahali panapowekwa jeneza, basi."

Mjane aliacha kiganja chake pale pale, kwenye ule mtetemo. Swichi ilipozimwa, mtetemo ukafa mkononi mwake. Alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

Taratibu alitaka tangi lishushwe hapo hapo. Fundi Pampu akakataa. Alisema wakilitengeneza leo, kesho sokoni watasema marehemu amesamehe. Gari lingepona, mjane asingepona. Kwanza wahusika waone ugonjwa kwa macho yao.

Asubuhi iliyofuata walipakia magunia matatu ya mchanga nyuma ya gari, uzito wa mtu na jeneza lake. Mke wa Taratibu alikwenda mwenyewe kwa mama wa marehemu. Hakumweleza mengi. Alimwomba tu aje aisikie tena ile sauti. Mama alivaa viatu, wakaondoka. Alipofika alipandishwa mbele, kiti kile kile. Fundi, mjane na mke wa Taratibu wakafuata kwa miguu, na sokoni watu kadhaa wakaacha biashara wakajiunga nao.

Ukungu ulikuwepo. Miti ilikuwa imesimama pande zote mbili kama watu wanaongoja habari. Taratibu alikuwa akitokwa na jasho. Alijua kinachokuja, na alijua sababu yake, lakini walipoukaribia ukuta wa mawe nywele za shingo zilimsimama. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Na chini ya magunia, sauti ikaanza kulia.

Mama alifungua mlango, akashuka taratibu, akazunguka nyuma. Fundi Pampu alikuwa amekwisha fika. Mama aliangalia magunia. Akafungua moja, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Mchanga ukamwagika kati ya vidole vyake.

"Nyuma hakuna mtu, mama," fundi akamwambia kwa upole. Akamwelekeza Taratibu azime swichi. Sauti ikakatika. Akamwelekeza afungue. Ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha swichi ikazimwa, akamrudisha mama kwenye kiti chake, akasema wangoje dakika kumi. Hakuna aliyeshushwa, hakuna aliyepandishwa. Dakika kumi zilipotimia Taratibu alipiga stata, gari likawaka.

Waliokuja kutoka sokoni walianza kutazamana. Mmoja alijikohoza akateremka mlima bila kuaga.

Mama bado alikuwa anauangalia mchanga kwenye kiganja chake.

"Basi mwanangu hakusema kitu," akasema.

Mjane ndiye aliyemjibu. "Hakusema, mama. Alikuwa ameshapumzika."

Mama hakumkumbatia siku ile. Hakuwa na nguvu hiyo. Lakini walipoteremka, alimruhusu amshike mkono penye utelezi.

Mchana ule tangi lilishushwa. Petroli iliyobaki ilimwagwa kwenye ndoo ya chuma, ikaachwa itulie. Juu ilikuwa ya kawaida. Chini yake kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia, na ndani ya maji vipande vya kutu kama majani ya chai. Kwenye mdomo wa bomba la kuvutia mafuta kulikuwa na chujio dogo la wavu. Wavu haukuonekana. Ulikuwa umevikwa tope, laini, kama ngozi.

Fundi Pampu aliwaeleza jinsi inavyokuwa. Pampu ikivuta, uchafu unavutwa na kuganda kwenye wavu, kama kitambaa kibichi kwenye pua ya mtu. Kwenye tambarare injini haihitaji mafuta mengi, kwa hiyo yale yanayopenya yanatosha. Ndiyo maana fundi wa barabarani hakuona kasoro. Mlimani, na mzigo nyuma, injini inataka mafuta mengi, na petroli kidogo iliyomo inakimbilia upande mmoja pamoja na uchafu wote. Hapo wavu unaziba. Pampu inalia, gari linazimika. Ukizima swichi, mvuto unakwisha, uchafu unadondoka taratibu, na baada ya dakika chache njia iko wazi tena. Aliyeshuka au aliyepanda katika dakika hizo hahusiki.

"Na kutu imetoka wapi?" Taratibu akauliza.

Imetoka kwenye nafasi tupu, fundi akasema. Tangi likikaa wiki mbili na mafuta kidogo, juu yake ni hewa, na hewa ina unyevu. Alfajiri baridi ikiingia, unyevu unageuka matone kwenye bati, kama jasho kwenye kioo cha dirisha. Matone yanashuka chini ya petroli na kukaa huko, yakila chuma polepole. Na dumu lile la chama, alilifungua akamwonyesha. Ndani yake kulikuwa na mchanga.

Pembeni mwa tangi waliona tundu dogo la kutu. Taratibu akasema atalikimbiza kwa mchomelea vyuma, maana sasa ni tupu. Fundi Pampu alimshika bega. Alimwambia tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Halichomelewi mpaka lioshwe na mtu anayejua kazi hiyo. Hili lilikuwa limeliwa sana na kutu. Chama kilitafuta lingine, lililotumika lakini safi ndani.

Walifunga tangi hilo, wavu mpya, chujio jipya karibu na injini na mipira mipya. Fundi alirudia kipimo cha chupa. Petroli ilitiririka mpaka chupa ikajaa, haikukonda, na pampu ilitoa mlio mdogo tu wa kazi. Kisha wakapandisha mlimani magunia yale yale. Walipita penye ukuta wa mawe bila hata kikohozi. Taratibu alisimama juu makaburini, akazima gari, akakaa ndani kwa muda akisikiliza ukimya.

Katika mkutano wa chama alisimama akazungumza. Hakuzoea kufanya hivyo. Aliwaambia gari likisimama muda mrefu, tangi lijae. Petroli inunuliwe kituoni, na dumu likilazimu liwe safi na lenye kifuniko. Chujio libadilishwe kabla halijaziba. Na gari likionyesha dalili mara ya kwanza, lichunguzwe siku hiyo, mlimani au kokote linakosumbua, si mahali linapokwenda vizuri. Kisha akasema lile lililomleta. Alisema alichokiona siku ya mazishi alikisema kweli, lakini alikisema kana kwamba anajua maana yake, na hakuijua. Akaomba radhi, akakaa.

Gari limekwisha panda mlima ule mara nyingi tangu wakati huo, halijazimika. Lakini mpaka leo, likifika penye ukuta wa mawe, watu wanaosindikiza hunyamaza, hata wale walioiona pampu kwa macho yao. Na sokoni wapo ambao hutawabadilisha.

Wiki mbili baada ya mkutano, Taratibu alikuwa akipita asubuhi akaona moshi kwenye paa la mwokaji. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mjane alikuwa akikanda unga, na mama alikuwa mbele ya tanuri, mahali pa mwanawe, uso umemwiva kwa joto. Mama alimwona, akatoka na mkate umefungwa kwenye karatasi, akamkabidhi. Taratibu akaupokea kwa mikono miwili, lakini hakuweza kuinua macho. Alianza kusema jambo. Mama akamzuia.

"Kula, baba, ungali wa moto," akasema. "Wewe ulijibu ulichoulizwa. Mimi nilitaka mwanangu aseme neno, lolote lile, hata likiwa baya."

Akarudi ndani kwenye tanuri. Taratibu aliukata mkate kwa mkono, akaula pale pale barabarani, amesimama, mvuke ukimpanda usoni.